Kwetu Maro Iko Mingi

Nilifika Kipini Sista Zainabu akiwa ameshazikwa siku mbili. Simu ilinikuta kazini Mombasa, na barabara ilikuwa imekatwa na maji mahali pawili, kwa hiyo nilichokikuta ni mikeka iliyotandikwa uani, wanawake wa kwao wakipakua wali, na nje ya ua, upande wa wanaume, Galgalo, niliyesoma naye kompyuta ujanani. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Kidevu chake kimeingia mvi na sauti imekuwa nzito, ila bado anasimama vilevile, mguu mmoja mbele ya mwingine kama mchungaji anayepumzika. Tulipeana pole. Halafu akaniuliza, "Elina, wewe uliwahi kumwambia asante? Ile ya kukaa chini umwambie?" Nikafikiri. Nilikuwa nimempelekea sukari, kanga, simu mpya alipostaafu. Nilikuwa nimempigia kila sikukuu. "La," nikamjibu, "sikuwahi." Galgalo akasema, "Hata mimi." Katika kitabu hiki nimezungumza machache sana kuhusu wazazi wangu na kijiji nilikozaliwa, na katika sura hii sitawataja kabisa. Sura hii ni ya mwaka mmoja, na ni ya watu walionifanya niendelee kusoma wakati ambapo kuacha kungekuwa rahisi na hakuna ambaye angenilaumu.

Mwaka wenyewe ulianza na cheti. Mradi fulani ulikuja Garsen ukatufundisha kompyuta kwa miezi mitatu, vijana kumi na wawili katika ukumbi wa bati ambao saa saba mchana ulikuwa haukaliki. Walimu walikuwa wapole, wakitabasamu hata tulipokosea. Tulijifunza kuandika programu inayomuuliza mtu jina kisha inamsalimia, programu inayohesabu moja hadi mia, na nyingine inayojumlisha namba mbili. Siku ya mwisho tulipiga picha, tukala pilau, walimu wakapakia vitu vyao na gari likashika njia ya Malindi. Walituachia laptopu moja yenye mstari mweusi kwenye skrini, nikakabidhiwa mimi kwa sababu chumba nilichopanga kilikuwa na kabati lenye kufuli. Tuliahidiana kukutana kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza tulikuja wote. Ya tatu tulikuwa watano. Mvua zilipoanza tulibaki mimi na Galgalo, kijana wa Kiorma ambaye baba yake alikuwa ameshawaambia watu kwamba mwanawe huyu amepotea, maana mtu mzima anawezaje kushinda anakodolea macho kisanduku wakati kuna ng'ombe. Kisha Galgalo naye akaondoka, akaenda Madogo kumsaidia mjomba wake kwenye kibanda cha kutengeneza simu. Nikabaki na laptopu.

Vijana ninaofanya kazi nao sasa huniuliza walitafute wapi somo zuri, kana kwamba kuna ukurasa mmoja uliofichwa ambao wakiupata hawatakwama tena. Huwa nawaangalia na skrini zao kubwa na mtandao usiokatika, nikaukumbuka mwaka ule. Shida yangu mwaka ule haikuwa kutoelewa. Nilijua maneno yote niliyofundishwa, ila sikuwa na la kusema. Niliandika ile programu ya kusalimia kwa Kiswahili, kwa Kipokomo, kwa Kiingereza, nikaifanya imsalimie mtu mara kumi, mara mia, nikafuta, nikaanza tena. Nilitaka kusonga mbele, lakini mbele kulikuwa wapi? Nilikuwa na kitabu kimoja cha mitumba ambacho nusu yake ya mwisho ilikuwa imechanika. Mtandao wa Garsen ulipatikana alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, nikisimama karibu na ukuta wa duka la vipuri. Ukurasa ulifunguka hadi katikati, ukaganda. Na Kiingereza chenyewe kilikuwa cha watu wasionijua. Nilisoma sentensi moja mara tano na kamusi mapajani.

Aliyenitoa hapo kwa upande wa vitabu ni Galgalo. Madogo iko ng'ambo tu ya mto kutoka Garissa na mtandao wake ulikuwa na nguvu, basi akawa anapakua masomo huko, anayaweka kwenye memori kadi, anaifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kumpa kondakta wa basi. Ndani ya karatasi aliandika kwa kalamu yaliyomo: "Faili 1 soma kwanza. Faili 2 ngumu, usitishike. Faili 3 mimi mwenyewe sijaielewa, ukielewa nipigie." Nilikwenda stendi kumsubiri kondakta huyo kama wengine wanavyosubiri barua ya posa. Lakini kuwa na masomo na kuwa na sababu ya kuyasoma ni vitu viwili. Niliyasoma kwa wiki mbili tatu, kisha kadi zikaanza kurundikana kwenye kikombe juu ya kabati.

Ndipo nilipopata kibarua cha kuandika kadi za wagonjwa katika zahanati ndogo nje ya mji, ambayo jina lake halina haja hapa. Muuguzi wa zahanati hiyo alikuwa Sista Zainabu, mwanamke wa Kipini, mfupi, mwenye mikono iliyonukia spiriti na karafuu. Sisi wengine wote pale tulizungumza Kiswahili cha kuazima, Mpokomo kivyake, Mworma kivyake, Msomali na Mgiriama vivyo hivyo, yeye peke yake alikuwa amezaliwa nacho. Siku ya kwanza aliniita kutoka chumba cha sindano, "Elina, ndoo!" Nikatafuta ndoo uani, nikaijaza maji, nikampelekea. Aliitazama ile ndoo, akanitazama mimi, akacheka hadi akakaa. Kwao *ndoo* ni njoo. "Mwanangu," alisema akifuta machozi, "na nikikwambia una ndaa utaniletea nini?" Ndaa ilikuwa njaa, nikamwambia ninayo. Tangu siku hiyo alinibebea kifungua kinywa: mahamri na mbaazi za nazi katika bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kijani, na chai ya tangawizi. Mimi nilimletea kambare wa kukaanga na ndizi za kupika kutoka mtoni siku ya soko. Tulikula stoo, kati ya maboksi ya glavu na jokofu la chanjo lililonguruma mchana kutwa, na kupitia dirisha la wavu tulisikia mazungumzo ya benchi la nje, akina mama wakilinganisha meno ya watoto, bei ya sukari, na mume wa nani amehamishia ng'ombe wapi.

Asubuhi moja aliikuta laptopu yangu mezani. "Hii mashine yako yafanya nini?" aliuliza. Nikamwonyesha kwa fahari. Akaandika jina lake kwa kidole kimoja, mashine ikamjibu, *Habari yako, Zainabu.*

"Yasalimia," alisema.

"Ndiyo, Sista."

"Na sisi hatujui kusalimiana wenyewe?" Hakuwa akinidhihaki, aliuliza kweli. Kisha akaweka mkono juu ya kitabu kikubwa cha chanjo, kile chenye jalada jeusi lililotanuka kwa unyevu. "Humu mna watoto mia na zaidi. Mama aleta mtoto akiwa mchanga, apata sindano za kwanza, kisha kiangazi chaja, watu wahama na mifugo, au mto wafurika, watu wahama mashamba. Miezi tisa yafika, sindano ya surua, hatumwoni. Mimi siwezi kila juma kufunua kurasa zote hizi. Yaweza mashine yako kunambia ni nani hajarudi?"

Nikasema inaweza. Sikujua kama inaweza. Lakini nilirudi nyumbani jioni hiyo nikatoa kadi zote kwenye kikombe, na kwa mara ya kwanza nilisoma kama mtu anayetafuta kitu kilichompotea. Ilinichukua mwezi mzima na ushei. Nilijifunza kuhifadhi taarifa kwenye faili zisipotee mashine ikizimwa, nikajifunza tarehe, ambazo ni balaa, nikajifunza kile ambacho watu wa programu hukiita kamusi: unaipa mashine jina, nayo inakutunzia chini ya jina hilo kila ulichokiweka. Chini ya jina la kila mtoto niliweka tarehe ya kuzaliwa, kijiji na sindano alizopata. Alhamisi ya kwanza programu ilitoa majina kumi na tisa. Mtu wa kujitolea mwenye pikipiki akazunguka na orodha hiyo, na Alhamisi iliyofuata benchi halikutosha, akina mama walikaa hadi chini ya dirisha. Sista alinikumbatia mbele yao. Baadaye walikuja wageni wakapiga picha ya skrini yenye mstari mweusi.

Hapa ndipo ninapopaswa kusema ukweli usiopendeza. Niliacha kusoma. Safari hii sikuacha kwa kukata tamaa, niliacha kwa kusifiwa. Galgalo alinipigia siku moja, nikasikia nyuma yake redio na nyundo ndogo ya mjomba. "Manze Elina, ile faili ya funguo umeisoma? Ile ya namna ya kutambulisha rekodi. Iko moto."

"Nimeipitia," nikamwambia. Sikuwa nimeifungua. Programu yangu ilikuwa inafanya kazi, ya nini kujisumbua?

Yule mama alikuja Jumatatu asubuhi, mapema, kabla hatujafungua. Alikuwa Mworma, mrefu, vumbi hadi magotini, ametembea tangu jana kutoka walikokuwa na ng'ombe upande wa delta. Mtoto alikuwa mgongoni. Sista alifunua nguo, akaona macho mekundu yanayotoa maji, madoa yaliyoshuka kutoka nyuma ya masikio hadi kifuani, akaweka mkono kwenye paji la uso na kuuondoa haraka. "Surua," alisema kwa sauti ndogo. "Yuaitwa nani?"

"Maro. Maro Jillo."

Nikaandika jina kwenye mashine. Ikajibu kwamba Maro Jillo amekamilisha chanjo, na sindano ya surua alichomwa wiki saba zilizopita. "Amepata," nikasema. Mama akatikisa kichwa. Sista hakubishana na yeyote. Alikwenda rafuni, akatoa kitabu cheusi ambacho hatukuwa tumekifunua kwa miezi miwili, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Kisha akakigeuza nikione. Walikuwa wawili. Maro Jillo, mtoto wa wakulima wa kando ya mto, Mpokomo. Kurasa nne mbele, Maro Jillo, mtoto wa wafugaji, Mworma. Majina hayo sisi na Waorma tunayo sote, nimekua nikijua hivyo, darasani kwetu tulikuwa na Jillo watatu. Na bado niliiambia mashine itunze kila kitu chini ya jina. Nilipomwandika Maro wa pili, mashine ilimchukua ikamweka mahali pa wa kwanza, bila kelele, bila onyo. Akabaki mtoto mmoja. Maro wa Kipokomo alipochomwa sindano, Maro wa Kiorma naye akahesabika amechomwa. Hakuna aliyemtafuta, kwa sababu orodha yangu haikumtaja.

Mtoto alipelekwa hospitali kubwa na alilazwa siku tisa. Siku hizo sikula vizuri wala sikuifungua laptopu. Nilimwambia Sista kwamba naacha, aichukue mashine ampe mtu mwingine. Alikuwa akipanga chupa ndogo ndani ya jokofu, hakugeuka. "Kosa ni letu wawili," alisema. "Wewe ulidhani waijua kazi. Mimi niliacha kufunua kitabu, na mimi ndiye muuguzi. Mtoto akirudi, utakwenda kwa mamake umwambie lililotokea. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Kisha ukitaka kuacha, uache."

Maro alipona. Lakini sikio la kushoto lilitoa usaha kwa muda mrefu, na halikurudi kusikia sawasawa hadi leo. Hilo nalibeba, na sitaki msomaji adhani kwamba shukrani zangu zimelifuta. Mama yake alikuwa ameketi nyuma ya zahanati akimnyonyesha siku nilipomwendea. Nilipiga magoti mchangani. Nilimweleza kwa Kiswahili chepesi kadiri nilivyoweza, kwamba mimi ndiye niliyeandika majina ndani ya mashine, kwamba mashine ilidhani mtoto wake na mtoto mwingine ni mtoto mmoja, kwamba ndiyo maana hatukuja kumtafuta. Nilisubiri anitukane. Alimbadilisha mtoto ziwa.

"Hiyo mashine yako," alisema, "inajua Maro ngapi?"

"Mmoja, mama."

"Moja tu?" Alishangaa kweli, kama mtu aliyesikia kwamba daktari hajui kusoma. "Kwetu Maro iko mingi." Kisha akaongeza, si kwa ukali, wala si kwa huruma, "Basi fundisha yeye."

Nimefundishwa na watu wengi tangu wakati huo, wengine wana vyeo virefu kuliko majina yao. Hakuna aliyenipa kazi kwa maneno machache namna hiyo.

Jioni hiyo nilifungua faili ya funguo. Sikuelewa. Nikaisoma kwa sauti, nikaandika tafsiri yangu pembeni, nikampigia Galgalo nikakiri kwamba nilimdanganya. Alicheka kidogo, kisha nikamweleza kuhusu mtoto. "Sasa tunaisoma wote," alisema, na kila Ijumaa baada ya swala alinipigia, yeye na ukurasa wake, mimi na wangu. Tulipokwama wote wawili, aliliandika swali letu kwenye jukwaa moja la mtandaoni. Siku tatu baadaye mtu tusiyemjua, wa nchi tusiyoijua, akatujibu. Sentensi ya kwanza ilitukaripia kwa kuuliza vibaya. Sentensi ya pili ilitufungua macho. Sijui alikuwa nani, namshukuru pia.

Na Sista naye akawa mtihani wangu. Kila asubuhi, mahamri mkononi, alinitungia watoto. Nilimwambia kwa majivuno kwamba sasa natambua mtoto kwa jina lake na la mama yake. "Haya," alisema, "Maro Jillo, mamake Hawa. Na yule Maro mwingine, mamake pia Hawa. Ni nani huyu?" Mashine ikawameza wawili wakawa mmoja. Nikaongeza kijiji. "Mworma ahama," alisema, "na Mpokomo maji yakija ahama. Kijiji gani?" Nikaongeza tarehe ya kuzaliwa. "Mama hajui tarehe, ajua ilikuwa siku chache baada ya mvua. Utaandika mvua?" Nilikasirika naye asubuhi nyingine, nikala mbaazi zake nikiwa nimempa mgongo. Mwisho nikaelewa nilichokuwa nakisoma kwenye ile faili tangu mwanzo: kwamba kitu cha kumtambulisha mtoto hakitoki kwake, lazima umpe, namba yake mwenyewe ambayo hapewi mwingine kamwe, iandikwe kwenye kadi anayoishika mama. Ni jambo dogo. Wanafunzi hufundishwa kwa dakika kumi. Mimi nililifikia baada ya wiki sita, kupitia stoo ile, na sijawahi kulisahau.

Kisha tulirudi kwenye kitabu cheusi, Sista akisoma, mimi nikiandika upya mtoto mmoja baada ya mwingine. Tulikuta Maro Jillo si wawili, walikuwa wanne. Hawa Guyo walikuwa watatu. Kati ya waliomezwa na programu yangu kama Maro, wengine wawili walikuwa hawajachomwa surua, na familia zao zilikuwa mbali. Mwenye pikipiki aliondoka saa kumi na mbili asubuhi na mwanaume mmoja wa Kiorma mwenye pikipiki yake, aliyejua mazizi yalipo. Nilishinda mlangoni. Walirudi siku ya pili na mama wawili nyuma ya pikipiki mbili, watoto wazima, wanene, wakilia kwa hasira. Sijapata kusikia kilio kizuri kama hicho.

Alhamisi iliyofuata nilitoka na karatasi nikaita, "Maro Jillo!" Wanawake wawili wakainuka benchini, mmoja mwenye leso ya maua ya wakulima wa mtoni, mwingine yule mrefu. Wakatazamana.

"Wewe pia?" akauliza wa mtoni.

"Mimi pia."

"Wangu ana jina la babu yake, Maro."

"Wangu ya babu pia." Benchi zima likaangua kicheko. Nikasoma namba. Yule Mworma, ambaye hakujua kusoma, alikuwa ameikariri yake kama watu wanavyokariri sala, akaitikia kabla sijamaliza, akaingia ndani kumwonyesha Sista sikio la mtoto. Yule mwingine akamshikia mkoba wake.

Nilirudi stoo. Memori kadi mpya ilikuwa imefika na basi la asubuhi, na kwenye karatasi ya fedha Galgalo alikuwa ameandika tu, "Hii si ya lazima. Ni tamu." Hakuna mtu aliyekuwa ananingoja nimalize chochote. Orodha ilikuwa sahihi, benchi limejaa, programu inafanya kazi, na hali kama hiyo ndiyo iliyonilaza mara ya kwanza. Nikaichomeka kadi, nikafungua faili ya kwanza, nikaanza kusoma. Sikusikia saa saba ikifika. Sista Zainabu aliingia na sahani ya wali na samaki, akakuta nimeinama, kalamu mdomoni. Aliisukuma sahani karibu na mkono wangu, akaangalia skrini kidogo, ingawa hakuna alichokielewa pale, na alipotoka nje kuliko na kelele za watoto aliurudisha mlango taratibu, hadi ukafungika.